Sindano Mbili

Sindano ya kwanza ilinipata Jumanne,
bega la kushoto, bure, kwa gharama ya serikali.
Nesi ni binti wa Faza, Mwanaharusi,
mkono mwepesi kama wa mpaka hina.
"Utanichoma lini?" nikamuuliza.
"Nimeshamaliza, bibi. Shusha mkono wa gauni."

Sindano ya pili ni yangu,
ya kushonea kofia za vito.
Ndiyo inayonilisha tangu Shekuwe azikwe
na macho yangu yaanze kuingia ukungu.
Hiyo ilianguka Alhamisi, baada ya alasiri,
nimebakisha tundu moja kumaliza safu.

Kati ya hizo mbili, Jumatano,
habari ilitoka Langoni ikafika Gadeni
kabla chai yangu haijapoa:
waliochanjwa wamegeuka sumaku.
Mtu kaona video. Mtu kaambiwa na aliyeiona.
Mwanamume wa nchi gani sijui, kifua wazi,
vijiko vimemganda kama kupe.
Famau wa duka la simu akaapa
kwamba betri zake zilisogea zenyewe
alipopita mwalimu Twalib, aliyechanjwa mara mbili.
Zilisogea, ndiyo.
Meza ya Famau ina mguu mfupi.

Wakaja kwangu na kijiko:
Mwanajabu, binti yake, mke mwenza wa binti yake,
na watoto ambao hakuna aliyewaita.
Nikavua mtandio, nikakaa kitini
kama bibi harusi anayengoja singo.
Kijiko kikawekwa begani.
Kikashika.

Nyumba ilinyamaza hata nikasikia
friji ya jirani ikikohoa.
Mtoto mmoja akalia.
Mwanajabu akaanza Ayatul Kursiy.
Mimi nilijua. Mwezi wa Machi, Lamu,
mwanamke aliyekaanga mahamri tangu alfajiri,
ngozi yake hushika hata jina la mtu.
Nilijua, na sikusema.
Miaka saba hakuna aliyenitazama vile,
watu wamejaa mpaka ngazini.
Nikapumua polepole
kisije kikaanguka.

Magharibi wakaondoka na habari yao.
Kijiko wakakisahau.

Basi Alhamisi, sindano ilipoanguka,
sikuita mtu.
Nikatia komeo mlangoni,
nikapiga magoti juu ya mkeka,
nikapandisha mkono wa gauni,
na, Mungu aniwie radhi, nina akili zangu timamu,
nikaburuza bega juu ya ukindu
ukili kwa ukili,
kama paka anayejikuna.
Nikasema: Njoo. Kama ni kweli, njoo.
Wewe na ile ya Jumanne mna jina moja.

Haikuja.
Ulikuja uzi mweupe. Ikaja punje ya wali.
Kikaja kifungo cha shati la marehemu,
cha plastiki, kidogo,
nilichokitafuta eda nzima nisikione.
Kilinishika kwa jasho tu, najua.
Nikakiacha pale pale begani
mpaka adhana.

Sindano niliipata usiku, kwa kisigino,
nikienda kutia udhu.
Ukelele wangu mtaa mzima uliusikia.

Asubuhi Mwanajabu mlangoni, hajafunga hata ushungi:
"Wasema chuma kimekuingia mwilini chenyewe."
Nikamwambia ndiyo.
Nikamwonyesha tundu la kisigino,
jekundu, limevimba.
Kisha nikamwonyesha la bega.
Akavaa miwani. Akavua. Akavaa tena.
"Liko wapi?"
"Lilikuwapo. Mwezi ujao narudi kwa la pili.
Utanisindikiza?"

Akakitazama kijiko chake juu ya meza,
akakigusa kwa ncha ya kidole, kikalia kidogo.
"Nitakuja," akasema. "Lakini mimi nitangoja nje."

Pale nje hakuna kivuli.
Nitambebea mwavuli.